Maboksi ya Kaka Abdi

Jumapili. Muheza imefunikwa na mawingu tangu alfajiri, na mvua hainyeshi. Mwili wangu mzito.

Leo nimeyapa alama maboksi ya kaka yangu Abdi, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Alikuwa akifundisha kompyuta kwenye chumba cha uani, na programu zake za zamani, zile zilizouzwa ndani ya boksi pamoja na CD na kitabu cha maelekezo, hakutupa hata moja. Mkusanyaji mmoja wa vitu vya zamani, wa Dar, anazitaka. Ila kwanza kila boksi lipewe alama, moja hadi kumi. Pembe zimebonyea? Rangi imepauka? Plastiki ya kiwandani bado ipo? Kitabu ni kisafi?

Nimeifanya kazi hiyo bila kulia. Sijui nijisifu au nione haya. Boksi lenye ukungu, tatu. Lililotafunwa na panya, moja. Ambalo halijawahi kufunguliwa, tisa.

La mwisho lilikuwa zuri kwa nje, lakini kitabu chake kilijaa maandishi ya penseli pembezoni. Nikampigia mkusanyaji.

"Hiyo si shida, dada," akasema. "Futa taratibu kwa ufutio laini. Litapanda kutoka tano hadi nane."

Nikafuta ukurasa wa kwanza wote.

Sikuusoma.

Mama akaingia na chai. "Unafuta nini?"

"Maandishi ya Kaka."

Akaweka kikombe chini. "Yanasemaje?"

Nikafungua ukurasa wa pili, nikamsomea. Yalikuwa mambo ya wanafunzi wake. Zaina hajaelewa, nirudie. Mzee Hamadi haoni vizuri, herufi ziwe kubwa. Halafu: Mama, vidole vinatetemeka, asiharakishwe.

"Mama, na wewe ulikuwa unasoma?"

"Jumamosi, wewe ukiwa kazini Tanga. Nilitaka siku moja nikuandikie barua kwa kompyuta, ushtuke." Akatazama mikono yake. "Sikufika mbali. Na ukurasa huo uliofuta, alimwandika nani?"

"Sijui, Mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kando yangu, akaniambia nisome kurasa zote zilizobaki, nami nikasoma mpaka adhana ya alasiri.

Nimemwambia mkusanyaji achukue mengine yote, lile haliuzwi. Amesema sawa, akanipa pole.

Naandika haya kwa sababu siwezi kumwambia Mama. Kaka alinialika darasani kwake mara nyingi. Kila mara nilikuwa na shughuli. Mara moja nilimcheka, nikamwambia anafundisha mambo yaliyokwisha kupitwa na wakati. Aliendelea tu kufuta vumbi kwenye meza.

Jioni hii nimelitafuta jina langu kwenye kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa.

Halimo.

Au lilikuwa kwenye ule wa kwanza?