Mtaro Niliouona Umeinama

Jumanne, 14 Novemba 1978

Nilijua, na hilo ndilo linaloniuma. Wiki jana akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walipokuja kutusaidia kuchimba mitaro shambani, niliona mstari wao unateremka kuelekea korongoni. Kitabu cha kilimo kinasema mtaro upimwe uwe sawa, la sivyo maji yatakimbilia upande mmoja. Nimekisoma mara tatu. Kwenye mtihani nilipata alama zote.

Nikanyamaza. Ningemsahihisha vipi Mama Ndunge, kiongozi wao, mbele ya wenzake?

Leo mvua imevunja mtaro na kubeba ndengu zetu. Mbegu nyingine hatuna.

Mama Ndunge alipokuja kuona, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mstari ulikuwa umeinama, tofauti na kitabu changu kinavyosema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Kioko! Sasa hicho kitabu unawasomea mbuzi? Sisi tulipima kwa macho tu. Ungesema, tungekucheka kidogo, halafu tungechimba upya."

Kucheka kidogo. Hilo tu ndilo nililoliogopa.

Mama yangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alininyooshea mkono nimpe sufuria, akaendelea kuokota ndengu matopeni, moja moja.