Redio ya Kushikiwa Waya

Kamwene Baba,

Najua salamu hii ulipenda ijibiwe kwanza ndipo mtu aendelee na yake, ila leo uniwie radhi, naendelea. Nimechoka. Nimekaa kwenye benchi la nyuma ya mgahawa wangu hapa Makambako. Wateja wa mchana wameshaondoka na malori yao, sufuria zinanisubiri, na upepo wa huku, ule uliosema unaweza kumvua mchungaji joho, unanisumbua na karatasi. Wewe ndiye uliyenizoesha barua. Ulikuwa ukisema simu humaliza maneno kabla mtu hajafikiri. Basi nakuandikia, ingawa huko uliko sijui nani anapeleka barua.

Ni habari za redio.

Sikuulizi kama unaikumbuka ile ya zamani. Mama alikuwa akisema nyumba ikiungua utaitoa redio kwanza, ndipo urudi kumtoa yeye. Uliinunua hapa hapa Makambako, stesheni, kwa msafiri aliyeshuka kwenye treni ya Zambia, enzi hizo bado unapasua mbao. Ulifika nayo nyumbani, kijijini Yakobi, umeivika koti lako na wewe mwenyewe umelowa chapachapa. Ilikuwa na bendi tatu, na ulichokitaka ni ile ya tatu, ya masafa mafupi. Nakumbuka ulivyomwambia Mama, "Redio ya hapa inanipa habari zangu mwenyewe. Nataka nisikie na za wenzetu."

Lakini masafa mafupi pale Yakobi hayakuwa ya kukaa tu na kusikiliza. Ikifika taarifa ya habari ya jioni, sauti inakuja, inazama, inakuja, inazama. Ukafunga waya wa shaba kwenye antena, ukaupitisha dirishani hadi kwenye mti wa mapichi. Haikutosha. Hadi siku ile Mama alipotoka kuanua nguo, akaushika ule waya ili asijikwae, na mtangazaji akasikika utadhani amekaa nasi jikoni. Ulitoka mbio ukapiga kelele, "Usiachie! Mama Yohana, usiachie!" Akadhani kuna nyoka.

Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Ikifika saa ya taarifa unaita, naye anaacha ugali motoni, anafuta mikono kwenye kitenge, anakwenda kusimama chini ya mpichi na waya vidoleni. Wewe ndani kwenye kiti chako, sikio limegusa spika.

"Umeshika?"

"Nimeshika!"

"Sogea kidogo huko juu."

"Nimesogea. Wanasema nini?"

"Subiri, wanasema."

Kila jioni, na baridi ile ya kwetu. Akirudi ndani ugali umeshaungua, nawe unamsimulia dunia nzima kuanzia mapinduzi hadi mpira huku tunakula. Mimi na kaka Yohana tulikua tukidhani ugali ndivyo unavyonukia. Niliwahi kukuomba nishike waya mimi, Mama apike kwa amani, ukakataa katakata. "Wewe hushiki vizuri. Mwili wa mama yako ndio unaleta mawimbi." Mama akakuita mzee asiye na haya. Lakini nilimwona, Baba. Kabla ya taarifa ya habari alikuwa anabadili kitenge.

Siku ulipotutoka, Shangazi aliizima redio, akaifunga kitenge, akaiweka juu ya kabati. Ndivyo tunavyofanya, nyumba yenye msiba haina redio. Na kwa ukoo wetu, unakumbuka, mjane haifungui mwenyewe. Anasubiri wakubwa wamwambie, sasa fungua. Basi watu walimaliza msiba, wakagawana nguo zako, wakasali, wakala, wakaondoka kuwahi kupanda viazi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamwambia. Na Mama unamjua. Usipomwambia, hafanyi. Akasubiri.

Shangazi alipokuja kukumbuka, mvua zilikuwa zimeshakatika na kurudi tena. Tulipofungua kile kitenge tukakuta betri zimevimba humo ndani, zikatoa ule uchafu mweupe, zikala kila kitu. Nikaipeleka kwa fundi Njombe mjini. Aliifungua, akaitazama, akaifunga taratibu. "Dada, pole. Hii imekwisha." Sikumlaumu mtu, maana ningemlaumu nani? Tuliua redio yako kwa heshima.

Baada ya hapo Mama akanyamaza. Macho yake yalishaanza ukungu hata ulipokuwepo, sasa ndiyo hayaoni zaidi ya mwanga na kivuli. Akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni toka asubuhi. Shambani haendi, chakula anakigusa tu, ukimwuliza anakujibu ndiyo au hapana. Mimi kila Jumamosi nafunga mgahawa mapema, napanda kosta hadi Njombe, nachukua bodaboda hadi Yakobi, nafua, napika, naondoka Jumapili baada ya ibada nikiwa nimechoka kuliko nilivyokuja. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia.

Yohana akaamua. Alipiga simu kutoka Dar akasema viazi vikishavunwa anakuja na gari kumchukua. "Dada, hatuwezi kumwacha akae pale kama mzigo uliosahauliwa stesheni." Ana haki yake, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilipomweleza Mama, aliacha chai ikapoa, kisha akasema maneno marefu kuliko yote ya miezi ile. "Nikiondoka hapa, baba yenu anabaki na nani? Nitafutie redio kama ile."

Nikajiambia, akiipata redio huenda akanyanyuka, na akinyanyuka Yohana hatakuwa na la kusema. Nilibakiwa na tumaini hilo moja, nikaingia nalo madukani.

Baba, ulipata redio wakati redio zilikuwa redio. Siku hizi ukiuliza masafa mafupi unatazamwa kama umeulizia taa ya chemli. Wana maspika marefu kama milango, yanawaka taa za rangi, lakini bendi ya tatu hakuna. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa rahisi na nzuri usoni, ina sola, ina tochi, inachomekwa fleshi, na boksi limeandikwa kabisa kwamba inakamata dunia yote. Nikaipeleka Yakobi kwa furaha. Kwenye masafa mafupi tukampata mhubiri wa stesheni ya hapa hapa mjini. Nikasogeza, mhubiri yule yule. Nikasogeza tena hadi mwisho, kumbe alishanitangulia. Mama akasema, "Huyu ni mmoja," akarudi kwenye ukimya wake.

Ya pili ilikuwa redio kweli, sitaisema vibaya. Ndogo, nadhifu, namba zinawaka kwenye kioo, na ilikamata mbali. Lakini vitufe vyake ni vidogo kama punje za mchele na vyote vimelala sawa. Mama aliipapasa mbele na nyuma, akanirudishia mkononi. "Hii inataka mtu anayeona." Nilijisikia mjinga. Nilikuwa nachagua kwa macho yangu kitu cha mtu anayetumia vidole.

Kwa hiyo mara ya tatu nilisimama dukani nikafumba macho. Nikaomba niwekewe moja moja mikononi. Mwenye duka, ambaye alishanichoka tangu nilipomrudishia zile mbili abadilishe, akaniambia, "Dada, mchagua jembe si mkulima."

"Viazi ninalima," nikamjibu bila kufumbua macho. "Na hilo jembe lako la kwanza halikuwa na mpini."

Akacheka, ikabidi atafute huko nyuma. Akatoa moja nyeusi, nzito kidogo, haina urembo wowote. Kigurudumu cha kutafutia stesheni kinajaza kiganja. Swichi ya bendi inalia ta, ta, ta, unahesabu kwa kidole. Inatumia betri kubwa za tochi, zile zinazopatikana hata dukani kwa jirani yetu, na antena yake ni ndefu. Ndani ya duka ilinguruma tu kwa sababu ya mataa na chaja za simu, nikamwambia siinunui bila kuisikia nje. Tukatoka hadi barabarani, kwenye malori, na upepo wetu huo. Nikavuta antena, nikazungusha. Mwanamume fulani akaanza kuimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, mbali sana, akipanda na kushuka. Dereva aliyekuwa anakula hindi la kuchoma akaacha kutafuna. Bei yake haikuniumiza. Hakuna mwingine aliyekuwa anaitaka.

Wakati ananifungashia, mwenye duka akasema kwa upole, "Ila ujue, dada, huko masafa mafupi watu wamehama. Idhaa nyingi za Kiswahili zimefunga."

Nilikuwa najua. Wale watangazaji uliowataja majina kama mashemeji zako, ukijua nani ana mafua leo, wengi hawapo tena hewani. Nilijua, na bado nikalipa. Njia nzima hadi Njombe nilikuwa na hofu kwamba nampelekea Mama ufunguo wa nyumba ambayo wenyewe wameshaondoka.

Nilifika jua linaelekea kuzama. Nikamwekea Mama redio mapajani. Vidole vikatembea, vikakuta kigurudumu, vikakuta swichi. Ta, ta, ta. "Ya tatu hii hapa," akasema. Mikwaruzo ikajaa sebuleni. Nikaichukua, nikakaa kwenye kiti chako kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na dirisha, nikazungusha. Mikwaruzo tu. Mwanamke akaongea Kiarabu, akazama. Nikaanza kumweleza Mama habari za idhaa kufungwa, polepole, namtafutia maneno ya kumpunguzia uchungu, nikashtuka kigoda kinalia.

Mama amesimama, Baba. Nikadhani anakwenda chooni. Alipita na ukuta hadi mlangoni, akatoka, akafuata ukuta wa nje kwa kiganja, akafika kwenye mpichi. Ule waya bado upo, hakuna aliyewahi kuukata. Akasema kupitia dirishani, "Funga."

Nikafunga ncha ya waya kwenye antena. Mikwaruzo ikabadilika, ikawa myembamba. Nikazungusha. Mtu akasema kwa Kiswahili jambo la mvua, mvua ya nchi gani sikuisikia, akapotea. Machozi yalinitoka, ya uchovu zaidi kuliko ya kitu kingine. Kisha Mama akasema,

"Mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini, Mama?"

"Aa, mtoto huyu! Umekaa kwenye kiti cha baba yako halafu huulizi?"

Nikauliza. "Umeshika?"

"Nimeshika!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tukuzike. Ilikuwa ya mwanamke aliyebadili kitenge.

"Sogea kidogo huko juu."

"Nimesogea. Wanasema nini?"

Sikuwa na chochote sikioni zaidi ya mikwaruzo. Nikajibu, "Subiri Mama, wanasema."

Na hapo ndipo nilipokushtukia wewe mzee. Hebu niambie ukweli, hapa hakuna mtu. Ni jioni ngapi ulikuwa husikii kitu? Ni mapinduzi mangapi uliyatunga mezani mbele ya ugali ulioungua, ili tu aitwe tena kesho? Mimi niliamini kwamba ulimsimamisha kwenye baridi kwa ajili ya dunia. Kumbe Mama wala hakuwa na haja na dunia. Alitaka kuulizwa kama ameshika.

Simu ikaita, na alikuwa Yohana. Anasema ameshapata gari, Mama aanze kuandaa vitu vyake. Nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza dirishani. "Mama, Yohana anasema ujiandae, anakuja kukuchukua."

"Mwambie siwezi," Mama akajibu kutoka kwenye mpichi. "Nimeshika waya."

Unamjua kaka, haishiwi maneno. Safari hii akauliza tu, kwa sauti ndogo kama ya zamani, "Ameshika?"

"Ameshika."

"Basi mwambie asiachie."

Habari za gari hajazirudia. Atakuja Krismasi, ameahidi kuleta betri.

Mimi nimechoka vilevile, Baba. Nisikudanganye kwamba redio imepunguza kufua au imefupisha safari ya Yakobi. Siku za kati Mama anaiwasha mwenyewe, anasikiliza kwaya, na juzi jirani alimkuta shambani anapapasa matuta ya viazi. Lakini waya hashiki hadi Jumamosi nifike. Nami nikifika nakaa kwenye kiti chako, nazungusha, nauliza, halafu mezani namsimulia mambo makubwa yaliyotokea ulimwenguni. Wiki iliyopita nilimpindua rais wa nchi ambayo haipo. Mama akatikisa kichwa, akasema watu wa siku hizi hawana subira. Tulikula ugali ulioungua, na uliungua kweli.

Pumzika, Baba. Usiache kulala kwa ajili yetu. Upande wako nimeukalia mimi, na upande wa waya uko mikononi mwa mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
uliyesema sishiki vizuri, ukaniachia kigurudumu.