Ua Namba Tisa katika Sebule ya Ledbetter

218 Mtaa wa Sycamore,
Pinder, Georgia.
Jumapili, Aprili 19, 1998

Mpendwa Shangazi Mozelle,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti la kushoto limepoa tangu theluji ya Toledo iyeyuke. Yule daktari mpya anakusikiliza, au bado anatazama saa ukiwa unaongea? Na macho je? Niambie kweli, si ile ya kwenye simu.

Sisi huku hatujambo. Mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo na bustani yangu yote imeoza mizizi. Wifi Odessa alishona kofia ya Pasaka pana kiasi kwamba mchungaji alihubiri nusu saa bila kuwaona waliokaa nyuma ya kofia hiyo. Nami nimeshastaafu, lakini gazeti bado linanipigia simu likiwa na pengo la kujaza.

Sasa, Shangazi, kama umesimama, vuta kiti. Nakuandikia kuhusu Oralee.

Najua mimi na wewe hatujalitaja jina la mdogo wako tangu mazishi ya baba, mwaka 1981. Najua pia sababu. Nitaifikia.

Wiki iliyopita ilikuwa ile ya maua ya azalea, wenye nyumba kubwa za Mtaa wa Juu wanapofungua milango watu watembezwe ndani. Odessa alishinda tiketi mbili kwenye bahati nasibu ya maktaba. Alitaka kuliona jiko la akina Ledbetter, ambamo mama yako, Bibi Tempie, alipika miaka thelathini. Mimi niliujua mlango wa nyuma tu. Alhamisi tulipanda ngazi za mbele.

"Wifi, futa viatu vizuri," Odessa akaniambia. "Tusije tukaambiwa tumechafua mlango ambao hata kuuchafua hatukuruhusiwa."

Mtembezaji wetu alikuwa Bi Patsy Crenshaw, Mzungu, mwalimu mstaafu, ndani ya gauni la kale lenye matao ya waya. Lilimkwamisha mlangoni mara mbili. "Huyo kavaa hema," Odessa akanong'ona, kwa sauti ambayo nadhani hata watu wa bustanini waliisikia.

Sebuleni tulikuwa watu kumi na wanne. Juu ya piano pana sanduku la kioo, lenye shada la maua yaliyotengenezwa kwa nywele za watu. Mama yake Bi Lavinia Ledbetter ndiye aliyelianza mwaka 1881, kisha Bi Lavinia akaliendeleza. Kila aliyekufa kwenye ukoo alikatwa nywele kidogo, zikasokotwa kwenye waya mwembamba ziwe ua. Maua ni kumi na saba. Kila moja lina namba, na pembeni ipo kadi ya majina. Mbele ya namba tisa kadi haina kitu.

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya besiboli akauliza, "Na tisa ni nani?"

"Aah, tisa!" Bi Patsy alicheka, na ilionekana alikuwa akilisubiri swali hilo. "Huyo ndiye kipenzi cha watoto wa shule. Hizo ni nywele za Biscuit, farasi wa Bi Lavinia. Alimpenda kuliko binadamu wengi."

"Simlaumu," yule bwana akajibu. "Na hapo hajamwona mama mkwe wangu."

Watu wakacheka. Bi Patsy akaendelea, "Mtazameni vizuri leo, maana Juni anakuja fundi kutoka Atlanta kulisafisha shada. Tisa litang'olewa, tuweke ua linalofanana na wenzake."

Niliinama kutazama kwa sababu ya mazoea tu. Mtu akiniambia kitu kitaondolewa, hukitazama.

Ni msuko mmoja, urefu wa kidole changu cha mwisho, umekunjwa mara moja upate umbo la jani. Nywele ni nyeusi, ncha imekuwa nyekundu kwa uzee. Umezungushiwa uzi wa pamba kuanzia shinani, mizunguko imebanana, vilevile Bibi Tempie alivyotufunga sote kila Jumamosi ili nywele zinyooke kabla ya ibada. Uzi ni mweupe hadi kupita nusu kidogo. Hapo pana fundo. Kutoka kwenye fundo hadi nchani, uzi ni wa bluu.

Nilitazama tena. Mweupe, fundo, bluu.

Shangazi, nimeripoti vimbunga viwili, treni iliyoacha reli, na kesi saba za mauaji. Sijawahi kuangusha daftari. Alhamisi liliniponyoka likaanguka kwenye zulia la Ledbetter, na sikuweza kuinama kuliokota. Odessa ndiye aliyeliokota, akatazama nilipokuwa natazama.

Kisha akamgeukia Bi Patsy. "Mama, huyo farasi alikuwa anasali kanisa gani?"

"Samahani?"

"Nauliza tu. Maana naona alisukwa Jumamosi."



Niruhusu niyapange ninayoyajua, ndivyo nilivyozoea. Oralee alikufa kwa dondakoo Februari 1934, Jumanne, akiwa na miaka mitatu. Alifia kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko lile, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia, na mama yako alikuwa akimbeba kwenda naye kazini. Watu wa afya walifika mchana uleule. Walimfunga shuka, wakamzika kabla ya jua kuzama bila kumruhusu mama yako asogee. Walichoma gauni, mwanasesere na godoro. Uwanja walimomzika sasa upo chini ya barabara ya kiwandani. Picha hakupigwa. Baba alizoea kusema hakikubaki hata kifungo.

Wewe peke yako ulisema kimebaki kitu. Siku tuliyomzika baba, jikoni, mbele ya watu wote, ulisema mama yako alikuambia kabla hajafa kwamba Bi Lavinia alichukua mkasi wa kushonea, akamkata mtoto msuko mmoja kabla watu wa afya hawajaingia. Ukasema wewe ungeutambua ukiuona, maana Jumamosi ile mama alichoka, ukaachiwa umfunge Oralee wewe, kwa mara ya kwanza. Uzi mweupe ulikuishia kwenye msuko wa mwisho. Ukamalizia na wa bluu, ulioufumua kwenye mdomo wa mfuko wa unga.

Na mimi, mwandishi wa habari, nikakujibu, "Shangazi, ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba hukumbuka anachotaka kukumbuka."

Ulichukua mkoba wako, ukaondoka na basi la saa tisa alasiri. Imekuwa miaka kumi na saba.

Nilipotoka kwa Ledbetter nilikwenda moja kwa moja kwenye masanduku yangu. Huwa siwezi kutupa daftari, na hata msibani kwa baba niliandika. Lipo, la Septemba 11, 1981, kwa mwandiko wangu: "Mozelle: uzi mweupe uliisha. Bluu ya mfuko wa unga. Msuko wa mwisho, nyuma ya sikio." Niliyanukuu maneno yako sawasawa, kisha nikakataa kuyaamini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikosesha hamu ya chakula. Mama yako aliendelea na kazi mle hadi 1953. Baada ya vita baba alimsihi aache, shule ikampa nafasi jikoni, kazi nyepesi, karibu na nyumbani. Alikataa. Alijibu, "Bado nina kazi mle," basi. Baba alikufa akiamini kwamba mama yake aliwapenda akina Ledbetter kuliko sisi. Kwamba alijua msuko ulipo, sina ushahidi. Nilicho nacho ni kwamba kufuta vumbi sebuleni ilikuwa kazi yake, na kwamba alikifuta kioo kile kwa miaka kumi na tisa.

Kwa nini Bi Lavinia aliukata, na kwa nini baada ya kuuweka pamoja na watu wake hakuandika jina, sijui, na sitabuni. Aliyemgeuza farasi simjui pia. Bi Patsy anasema aliambiwa na aliyemtangulia.

Tulimngoja Bi Patsy barazani hadi kundi likaondoka. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyokuandikia. Alijikalisha kwenye benchi ghafla hata matao ya gauni yakainuka mbele hadi kidevuni, raba zake nyeupe zikaonekana, na hakujali kuyashusha.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Nimewaambia watoto wa shule ni farasi. Na watoto wenu."

"Mjukuu wangu alirudi nyumbani akinisimulia huyo farasi," Odessa akamwambia. "Akanichorea na picha. Nikaibandika kwenye friji."

Bi Patsy alijifunika uso. Baadaye akasema kamati ya nyumba inakutana Mei 12, na kwamba anawajua, watataka kitu cha kushika mkononi, picha au cheti.

"Cheti mmekifungia nyie wenyewe kwenye kioo, mama," Odessa akajibu.

Basi akaingia ndani, akarudi na kadi tupu, ya karatasi ileile ya zile nyingine, na kalamu. "Andika jina wewe," akaniambia. "Nitaiweka sasa hivi. Kamati wakija waikute."

Niliishika ile kalamu, Shangazi. Kisha nikamrudishia. Sikuufunga msuko ule mimi, wala sikuwepo. Aliyekuwepo yupo Toledo na ana akili zake timamu, nami nilishamnyang'anya maneno mara moja.

Ijumaa Odessa alimtuma dada mmoja wa kanisani aende matembezini, asikilize bila kujitambulisha. Alirudi na maneno haya, nami nikamtaka ayarudie mara mbili. Bi Patsy alisimama mbele ya shada, akasema, "Namba tisa ni mtoto. Jina lake tunalisubiri."

Kadi nimeitia ndani ya bahasha hii. Iandike kwa mkono wako. Kwenye karatasi nyingine eleza Jumamosi ile kama ulivyotueleza, uzi na mfuko wa unga, utie sahihi. Daftari langu litakwenda mezani pamoja nayo. Na uamue kama abaki mle kwa jina lake, au atolewe tumzike kwenye makaburi ya Mlima Nebo, ubavuni kwa mama yake. Mimi na Odessa tuna maoni yetu na tumeshagombana, lakini hatutayasema. Ukitaka kuja mwenyewe kabla ya Mei 12, chumba cha mbele nimekitandika.

Gazetini, tukikosea, husahihisha kwa maneno machache na bila kujitetea. Kwa hiyo: mwaka 1981, mbele ya watu, Verdell Gaines alisema kwamba kumbukumbu ya Mozelle Gaines Pruitt si ya kuaminika. Si kweli. Mozelle alisema sahihi kwa kila neno, hadi rangi ya uzi. Kosa ni la Verdell.

Msalimie binamu Thaddeus na mkewe Lorraine, na mzee Cleophus wa ghorofa ya chini anayekuletea magazeti. Odessa anakusalimu mno, na anasema ukija atakuazima ile kofia.

Mungu akulinde goti, macho na kumbukumbu, hasa kumbukumbu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuamini,

Verdell