Fulana Isiyo na Jasho

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: fulana ya mazoezi ya baba yangu hairudi na jasho. Mimi ndiye ninayefua nguo zake kila Jumamosi tangu miguu ya mama ianze kuvimba, na jasho lake nalijua, kwa sababu ovaroli yake ya karakana hunuka jasho na grisi, lakini fulana anayokwenda nayo jimu hunuka sigara na nyama ya kukaanga, na soli za raba zake bado ni nyeupe kama siku aliyozinunua.

Mama ni fundi cherehani, hukaa kwenye kiti kile kile tangu asubuhi hadi giza linaingia, na muuguzi alipompima presha alimwambia, "Mama, kwa umri huu mwili usipoutumia unakugeuka," basi mama akamwomba baba amlipie naye ajiunge na jimu, baba akajibu kwamba pesa ya watu wawili haipo na kwamba yeye ndiye nguzo ya nyumba, akianguka tutakula nini, kana kwamba cherehani haijawahi kulisha mtu. Mama hakubishana. Alifungua kamba ya kuanikia nguo akaanza kuruka uani, na shangazi, dada yake baba tunayeishi naye, akatoka na kikombe cha chai, akacheka mpaka akaimwaga.

"Wifi, mtu mzima unaruka kama chura! Unatafuta mume mwingine?"

Baba akachungulia dirishani. "Mwache, labda atatoboa ardhi tupate kisima."

Mama alitabasamu, nami nikatamani asingetabasamu. Akaifunga kamba mahali pake na hajaigusa tena. Ndiyo ninayoanikia fulana ya baba.

Mimi ni mwoga wa kusema, mshauri, nimezoea vitabu kuliko watu. Nimwambie mama? Au nimwonyeshe baba fulana yake mbele ya shangazi?

Mfua Nguo

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, nimekasirika pamoja nawe, kisha nikakukasirikia wewe. Baba yako anaila afya ya mkewe na kujifuta mdomo kwa fulana safi, hilo sitalipamba. Lakini unadhani mama hajui? Aliyemfulia mtu miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa. Tena kilichomrudisha kitini ni kicheko, si fulana. Na walipocheka wewe ulikuwa wapi? Unasema ulitamani. Kutamani hakujamwinua mtu kitini.

Acha upelelezi. Ukimuumbua baba mbele ya dada yake, fahali watapigana na nyasi zitakazoumia ni mama yako.

Kamba iache ibaki ya nguo. Mwenye miguu iliyovimba na presha haanzi kwa kuruka. Mrudishe kwanza kwa muuguzi, mumuulize mazoezi yanayomfaa. Akiruhusiwa, atembee, barabara haina kiingilio. Aende mwendo wa kuweza kuzungumza ila si kuimba. Kila akimaliza kushona nguo moja asimame, ashike meza, ajiinue kwa vidole vya miguu, kisha akae na kuinuka taratibu. Chupa mbili za maji zinamtosha kuwa vyuma vya kunyanyua. Na asitoke peke yake. Anayechekwa peke yake hurudi ndani. Funga kitabu, vaa viatu.

BINTI ALIANDIKA TENA

Nilikwenda na mama kwa muuguzi. Aliruhusu kutembea, kuruka akakataza. Njiani tukirudi nikashindwa kujizuia, nikamwambia habari ya fulana. Mama hakupunguza mwendo.

"Najua, mwanangu. Miguu ilikuwa kisingizio. Nilikuachia ufue nguo zake kwa sababu nilichoka kuzinusa."



Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunatoka, shangazi akatuona mlangoni. "Haya, mnakwenda wapi jioni hii?"

"Kumtafuta yule mume uliyemsema, wifi," mama akajibu.

Safari hii shangazi hakucheka. Fulana ya baba ilikuwa juu ya beseni, kavu. Sikuifua. Niliikunja, nikairudisha kwenye begi lake, kisha nikakimbia kumfuata mama, maana alikuwa ameshafika kona.