Kamba wa Ami Shee

Jumanne, Kizingitini

Nimemnunua. Mwezi mzima nimejisifu kwamba kibanda changu hakitanunua kamba mawe wenye mayai, wasije wakaisha baharini, hata bango nimeliandika kwa mkono wangu, na wa kwanza kuletwa nimemnunua.

Aliyemleta ni Ami Shee, ndugu yake baba. Bila yeye wavuvi wasingeniuzia chochote. Mayai alikuwa ameyasugua kwa brashi yatoke, lakini nilipompindua yule kamba niliona machache yamenasa chini ya mkia.

"Ami, huyu alikuwa na mayai."

"Yako wapi? Nionyesha, mwanangu."

Wavuvi wakacheka. Mmoja akasema, "Bwana Shee, leo wakaguliwa na Bi Karani!" Ni kweli, asubuhi mimi ni karani wa shule, jioni tu ndipo ninapokuwa mwenye biashara. Nikamtia kamba kwenye kapu, nikamlipa Ami.

Walipoondoka nilimrudisha baharini. Mayai yake hayarudi, na hakuna aliyeniona. Wote waliniona nikimpokea, basi kesho kila mtu atakuja ameshapiga brashi. Siwezi kuendelea kununua chini ya bango la uongo. Lakini nikikataa, Ami atapeleka kamba wake kwingine, wenzake watamfuata, na kibanda...

Nimejifungia chumbani kujaribu maneno. "Ami, huyu simnunui." Ni maneno matatu tu. Nimeyasema mara sita, na kila mara nimejisikia nikianza na samahani.