Jina Moja, Vitu Viwili

Jumatano, baada ya Isha.

Bado yuko pale pale. Tangu asubuhi Mwanasiti wangu hajaondoka mbele ya kompyuta, na uji niliompelekea umeganda.

Nilimuuliza kosa liko wapi. Akaniambia yeye huandika, kisha kuna programu inayoyageuza maandishi yake yawe tovuti. Programu hiyo nayo hujitungia majina yake kimyakimya, na safari hii imetunga jina lile lile alilolitumia yeye. Basi kitu kimoja kinafuta kingine, ukurasa unatoka mtupu.

"Si ubadilishe lako, mwanangu?"

"Si langu, mama. Wenzangu wamelitumia kila mahali, na mimi ni mgeni wa mwezi mmoja. Bosi anasema nimeharibu mimi."

Nikamwambia hapa kijijini Waa tuna akina Mwanasiti watatu, kila mmoja tunamwita kwa jina la mamake, na hakuna aliyemfuta mwenziwe. Alicheka! Akasema waliotengeneza programu ndio wa kuambiwa hivyo, lakini amewaandikia na hawajamjibu.

Bado yuko kwenye majaribio; asipomaliza kufikia Ijumaa, hawamwajiri. Na wakala wa Uarabuni amepiga simu tena, kazi ya nyumbani ipo, tiketi ipo. Nilimsikia Mwanasiti akimjibu, "Nitakuja na pasipoti Jumamosi inshallah."

Pasipoti yake nimeifukia kwenye ndoo ya mchele. Najua si haki, yeye ni mtu mzima. Hajaiulizia bado. Akiniuliza, sijui kama nitaweza kumtazama usoni nikasema sijaiona.