Swali la Profesa Kalinda

Acocks Green, Birmingham. Jumapili ya baridi, mwaka wa ishirini na sita tangu nitoke Bukavu.

Dada Furaha,

Salamu zako nimezipata kwa Profesa Kalinda, yule aliyenifundisha hesabu chuoni. Kama ujuavyo, siku hizi ni kiongozi mkubwa wa Wamormoni, na amekuja kuwatembelea waumini wa hapa. Nilikwenda kumsikiliza. Kwao mtu akipewa kazi kanisani, wanaokubali huinua mkono, kisha huulizwa wanaopinga. Alipofika kwenye wanaopinga alinitazama akatabasamu, maana darasani mpinzani wake nilikuwa mimi tu.

Baadaye nilimkaribisha nyumbani, nikammiminia chai ya tangawizi, nikisahau kwamba wao hawanywi chai. Akaomba maji ya moto.

"Profesa, umevuka bahari yote hiyo kuja kunywa maji?"

"Nimetumwa, Papa Amani. Dada yako anafagia chumba chako kila Jumamosi, na huku Neema binti yake amerudi na watoto wawili, wanalala sebuleni. Anataka jibu."

Akaweka kikombe mezani, akauliza kwa sauti ile ile ya kanisani: "Wanaokubali arudi?" Akainua mkono wake, peke yake. "Wanaopinga?"

Nilichelewa kidogo, dada, lakini niliinua.

Mpe Neema chumba. Dirisha la upande wa ziwa hukwama. Alisukume kutoka chini. Wabusu watoto, na magoti yako yapate nafuu. Mimi sitarudi.

Kaka yako